Fuwele Haivunjwi

Nikimkumbuka Profesa, kitu cha kwanza kinachonijia ni sikio lake la kushoto likiwa na kijiko cha maabara ndani yake. Ni kile kijiko chembamba cha chuma tulichotumia kuchotea unga wa kupima. Yeye alikipenyeza sikioni taratibu, akafumba jicho moja kwa raha, akakizungusha, akakitoa, akakichunguza karibu na taa, akakifuta kwenye koti lake jeupe, kisha akakirudisha kwenye kikombe pamoja na vingine. Sisi wanafunzi tulizoea kuja na vijiko vyetu kutoka nyumbani, tumevifunga kwenye leso. Na mtu huyohuyo ndiye aliyesimama mlangoni kila Jumatatu asubuhi kukagua kucha zetu, na mwenye weusi chini ya kucha alirudishwa kwao.

Alikozaliwa na ukoo wake sitavigusa. Wanaompenda ni wengi, na siku ikifika watayasema hayo kwa vipaza sauti. Mimi nilikaa naye chumba kimoja miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi, baadaye nikiwa msaidizi wake, na mpaka leo nikisikia mtu anamtaja, najikuta nafuta kiganja changu kwenye nguo. Mama yangu husema nina chuki na mzee wa watu. Chuki ningeiombea dua ikaisha. Hiki ni kinyaa, na kinyaa hakina dua.

Kazi yake, na yetu, ilikuwa fuwele. Fuwele za kawaida kila mtu ameziona: chumvi, sukari. Zetu zilikuwa na vitundu ndani, vidogo kupita macho na kupita darubini ya shule, vimepangwa safu kwa safu kama vyumba vya kupanga mtaani kwetu Biryogo, hapa Kigali, ukuta kwa ukuta. Ndani ya kuta hizo tulijenga molekuli ambazo zikipigwa na taa ya zambarau hujikunja, na zikipata mwanga wa kawaida hujikunjua. Ukuta ukijikunja chumba kinabana, na hewa iliyokuwamo inasukumwa nje. Ndivyo ilivyotarajiwa. Ndoto yenyewe ilikuwa kwamba siku moja fuwele hizi zitawekwa kwenye tanuri za matofali, zimeze hewa ukaa kabla haijapanda angani, kisha uzimulikie tu nazo ziiteme mahali unapotaka, bila moto wala makaa. Zikijikunja hubadilika rangi, kutoka manjano hafifu hadi buluu ya kupendeza. Rangi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Sikatai, alijua kufundisha. Siku ya kwanza aliyotueleza habari ya vitundu hakugusa ubao. Alitutoa darasani wote, akatupeleka kwa miguu mpaka duka moja la fundi cherehani lenye lile geti la chuma la kukunjana. Alilivuta, matundu yenye umbo la almasi yakafunguka. Alilisukuma, yakajibana yakawa nyufa. "Mumeona?" akasema. "Chuma haijaisha, haijaongezeka. Iko tu inapumua. Donc, kristali yetu iko hivyo, rakini hii geti inasukumwa na mwanga." Fundi alikuwa ameacha cherehani anamtazama mdomo wazi. Mimi nilikulia mita chache kutoka geti kama hilo na sikuwahi kuliona mpaka siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikamwambia kila mtu.

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Angekuwa mjinga ningemsahau.

Mayai. Lazima niseme habari ya mayai. Alikula mayai ya kuchemsha palepale kwenye meza ya kazi, akiyamenyea juu ya karatasi zetu za kuchujia, chumvi akiitoa mfukoni mwa koti. Kiini kilimganda kwenye masharubu, naye alipenda kuzungumza karibu na uso wa mtu, hivyo uliiona punje hiyo ya njano ikipanda na kushuka kila alipotamka neno. Maganda aliyaacha mezani. Ukimkumbusha kwamba maabara si mahali pa kula, kama tangazo alilolibandika yeye mwenyewe ukutani lilivyosema, alicheka akakupiga begani: "Mimi hapa ndiyo kwangu, sha. Wewe ndiyo mugeni."

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, alikuja na buti mpya za mpira na jembe ambalo bado lina kibandiko cha duka. Alisimama mstari wa mbele mpaka picha ikapigwa, akauliza kama imetoka vizuri, kisha akakumbuka ana mkutano. Sisi tulibaki kwenye mtaro. Mwaka uliofuata jembe lilikuja tena na kibandiko chake.

Halafu mkono wake. Ulikuwa laini, wenye unyevu wakati wote, kiangazi na masika. Salamu zake alizijibu mwenyewe: "Habari ya siku? Nzuri. Ya mama? Nzuri," wala hakungoja ufungue kinywa. Lakini mkono wako aliukamata na kukaa nao. Aliushika akiongea na wewe, akaushika akigeuka kuongea na mwingine, kidole gumba kikikusugua juu ya kiganja, na hakuuachia mpaka amepata alichokitaka. Ukitaka kukataa kufanya kazi Jumapili, utakataaje umeshikwa mkono na mtu wa umri wa baba yako? Mwisho aliutikisa mara moja kwa nguvu na kusema, "Voilà. Tumeshikana mukono, basi, imekwisha." Ndivyo alivyopata saini za wakuu, zamu za mashine za vyuo vingine, na msamaha wa kila mtu aliyekosewa naye. Wanafunzi wa kike tulikuwa na desturi ya kuingia tumebeba vitu mikono yote miwili.

Ndani ya maabara tuliishi kama popo. Mapazia yalikuwa meusi, mazito, yameshonwa na baba yangu mwenyewe pale Biryogo, na taa pekee tuliyoruhusiwa ilikuwa balbu nyekundu, kwa maana nyekundu haizisumbui fuwele hizo. Kila chupa ilivalishwa karatasi ya aluminiamu. Mtu akitaka kufungua pazia alipaza sauti, "Nafungua!" Wote tukajibu, "Funika!" Kila mmoja alifunika chake, akasema "tayari," na wa mwisho akishasema ndipo pazia lilipovutwa. Hakuna aliyethubutu kuruka hatua moja. Mwanga wa dakika chache ungeweza kuharibu kazi ya wiki nzima, na aliyeharibu alibaki na jina la mharibifu. Nimeshaondoka pale siku nyingi, lakini hata nyumbani kwangu Kimironko kabla sijavuta pazia la chumbani mdomo wangu hufunguka wenyewe.

Amri ya pili ilikuwa fupi zaidi: fuwele haivunjwi. Nyingi zilikuwa chembe tu, lakini yeye alijua kuzikuza. Aliweka chupa mahali pasipotikisika, akakataza hata viatu vya visigino, na baada ya miezi angeweza kukuonyesha fuwele kubwa kama punje ya mchele, safi, ina kingo kama imekatwa kwa rula. Hizo hazikuguswa na mtu. Zilipimwa nzima, zilipigwa picha nzima, na zilikaa kwenye kabati ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. "Kristali iko kama mutoto ya watu," alisema. "Hauwezi kumupasua tumbo eti unataka kuona amekula nini." Tulicheka. Tuliona ni heshima kwa kazi.

Wageni walipokuja, tena walikuja wengi, aliwapanga kwenye giza lile jekundu kama watu wanaongoja sinema. Miwani ya kukinga macho aliwavisha wao. Yake aliipandisha kwenye paji la uso ikae kama taji, kwa kuwa hakupenda picha zitoke macho yake yamefunikwa. Aliifunua fuwele moja ya manjano, akaishika kwa kibano, akawasha taa ya zambarau. Taa ile ilikuwa kubwa, ya zamani, ukiisogelea unaunguza nyusi. Fuwele iligeuka buluu mbele ya macho yao. Wakati huohuo mashine iliyounganishwa na chupa ya pembeni, iliyomulikwa na taa hiyohiyo na yenye unga wa fuwele hizohizo, ilionyesha mstari unapanda: hewa inatoka. Yeye alikuwa na msemo wake wa kumalizia. "Mwanga hausemi uwongo." Makofi. Kisha wageni walishikwa mikono mmoja mmoja.

Baba yangu alipofariki, Profesa alikuja msibani siku ya kwanza na hakukosa siku hata moja. Hakukaa kwenye viti vya waheshimiwa. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasaidiana na vijana kubeba maji na kuosha masufuria nyuma ya nyumba, yeye ambaye kazini hakuosha hata glasi. Alilia kwa machozi ya kweli. Nilimwona akiyafuta akidhani hatazamwi. Mama hajasahau, na ndiyo maana hataki kunisikia. Siku ya mwisho ya matanga, ni kweli, aliwakusanya wafiwa akawaeleza kwa kirefu habari ya fuwele zake, na akamwambia mama yangu kwamba mapazia ya marehemu yatakumbukwa katika sayansi. Hata hivyo alikuwa ameosha masufuria. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: sipati hata nafasi ya kumchukia kwa raha.

Sasa nimtaje Goreti.

Goreti alikulia Bujumbura, akaja Kigali mkubwa, akajiunga nasi kufanya shahada ya uzamivu. Mrefu, mpole, msalaba mdogo shingoni, mtu wa kuuliza swali moja kwa siku na kulala nalo. Swali lake lilikuwa hili: ikiwa fuwele inageuka buluu yote, mbona buluu yenyewe imekolea namna ile hata mwanga haupiti? Kama mwanga haupiti, unafikaje ndani? Alimuuliza Profesa, Profesa akamshika mkono na kumwambia asome zaidi.

Akasoma zaidi. Halafu siku moja mchana, tukiwa mimi na yeye kwenye giza letu jekundu, alichukua fuwele kubwa aliyopewa kupima, akaiwashia taa ya zambarau mpaka ikawa buluu, akaiweka juu ya kioo, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akasema "Mungu anisamehe," akaipasua katikati.

Niliinama kwenye darubini. Nje palikuwa na ngozi ya buluu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndani kote palikuwa manjano, manjano ileile ya kwanza, kana kwamba taa haikuwahi kuwashwa. Bibi yangu alikuwa na methali aliyoipenda kuwasema watu waliovaa vizuri: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ilinijia palepale, nikaogopa.

"Kama ndani haijakunjika," Goreti akasema polepole, "ile hewa inasukumwa na nani?"

Jibu lilikuwa limesimama mezani linaunguza nyusi. Alichukua ile chupa ya unga, akaizamisha kwenye beseni la barafu ili isipate joto, akawasha taa. Unga ukawa buluu juu. Mashine haikusogea. Akaitoa kwenye barafu, akazima taa, akaifunika kwa taulo lililochovywa maji ya moto: mstari ukapanda vizuri sana, gizani. Hewa ilikuwa inatolewa na joto la taa, kama vile maji yanavyotoka kwenye nguo ukiipiga pasi. Mwanga ulipaka rangi tu.

Si kwamba kazi yote ilikuwa bure. Goreti alikuwa tayari ana wazo: tukuze fuwele nyembamba kama utando, mwanga ufike mpaka mwisho, hapo huenda kuta zikajikunja kweli. Alifurahi. Nakumbuka uso wake ulivyong'aa akienda kumwita Profesa, kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea.

Profesa aliingia anatafuna. Aliinama kwenye darubini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainuka, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikupa ruhusa ya kuvunja?" Goreti akaanza kueleza habari ya barafu. Hakumaliza. Profesa alichukua vile vipande viwili kwa karatasi, karatasi yenye ganda la yai, akavisukumia kwenye sinki, akafungulia maji. Alitema mate juu yake. Sijui kama alikusudia au ni tabia tu, maana sinki lile alilitemea kila siku. Mimi niliona mate yake yakizunguka na kipande cha buluu kabla havijaingia shimoni.

Wiki hiyohiyo aliwaambia wakubwa kwamba Goreti alifungua pazia bila kupiga ukelele, akaunguza sampuli za kundi zima, na akavunja fuwele kubwa ili kuficha. Niliitwa, nikasema nilichokiona kwa macho yangu. Mmoja wao aliniuliza kama nina ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye bomba la maji machafu. Goreti alisimamishwa masomo kwa uharibifu. Mimi muhula ulipoisha nikaondoka, nikapata kazi ya kufundisha chuo kingine. Profesa aliendelea na wageni wake mpaka alipostaafu, na alifanyiwa sherehe yenye keki ya rangi ya buluu.

Kwa muda wote huo Goreti alifundisha kemia sekondari, huko Kagugu, akigonga mlango wa chuo kila alipopata nafasi. Mwishowe mkuu mpya wa idara alimpa jibu la kueleweka: muda wake wa kumaliza shahada unaisha muhula huu. Profesa akikanusha yale aliyoyasema, hata kwa mdomo mbele ya watu wa kuaminika, atarudishwa kesho yake. Asipokanusha, jina la mharibifu litabaki na faili litafungwa. Goreti alinipigia simu. "Nisindikize tu," alisema. "Nikienda peke yangu nitalia, na sitaki anione nalia."

Tulikwenda nyumbani kwake, mtaani kwetu, baada ya swala ya alasiri. Vichochoro vya Biryogo navijua kwa nyayo, lakini siku hiyo nilijikwaa mara mbili. Mkewe, Mama Hadija, alitupokea mlangoni, mwanamke mnyamavu ambaye katika miaka yote ile sikumbuki kumsikia akisema zaidi ya karibu na kwaheri. Alitutazama wote wawili, akaniambia taratibu, "Macho yake imeisha. Anaona kivuli tu." Nikakumbuka ile miwani kwenye paji la uso.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Pazia lilikuwa limefunguliwa wazi, jua linampiga usoni, naye hakukunja hata jicho. Macho yalikuwa yameingia ukungu kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Masharubu yalikuwa meupe, na ndani yake, naapa, palikuwa na punje ya yai.

"Assalam aleikum, Profesa. Nimekuja na..."

"Aleikum salaam! Iyo sauti ninaijua! Mutoto wa fundi ya rido, yule wa mapazia! Habari ya siku? Nzuri. Ya mama? Nzuri. Kaa, kaa rwose, usisimame kama mugeni."

Goreti alikuwa amefungua kinywa kusalimu. Profesa alikwishaanza habari nyingine, ya magoti yake. Goreti akafunga kinywa, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono juu ya mapaja. Nilijaribu tena kusema sikuja peke yangu, akanikata tena akitaka kujua kama pale chuoni bado wanamtaja. Tabia ile nilikuwa nimeichukia miaka mingi. Siku hiyo niliiacha ifanye kazi yake.

Alipapasa mtoto wa meza, akatoa kichupa kilichovikwa karatasi ya aluminiamu na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau. Akafunua, akamulika.

"Niambie, mwanangu. Imegeuka?"

Ndani ya kichupa palikuwa na fuwele moja kubwa, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

"Imegeuka, Profesa."

Akatabasamu kama mtoto aliyelambishwa asali. Mama Hadija akaleta chai kwenye sinia. Nikaona heri niseme kabla ya chai, maana ukishakunywa chai ya mtu ulimi unalegea.

"Profesa, nimekuja kwa ajili ya Goreti. Muda wake unaisha. Chuo kinataka neno lako moja tu, useme hakuharibu kitu."

Uso wake ulibadilika kidogo. "Ah, yule. Yule binti wa Burundi. Mambo ya zamani hayo. Angekuja mwenyewe tungeshikana mukono, ingekuwa imekwisha."

"Hakufungua pazia, na wewe unajua."

"Mwanangu, kwenye giza watu huona mambo mengi."

Sikupanga kusema lililofuata. Lilitoka kwa kinyaa tu. "Yeye ndiye wa kwanza kuona ndani ya fuwele, Profesa. Wa kwanza katika maabara ile. Hilo ndilo lililokuuma."

Aliweka tochi chini kwa kishindo. "Wa kwanza? Nani amekudanganya eti yeye ni wa kwanza?" Alijipiga kifua, mate yakamruka. "Mimi! Mimi niliona mbele yake! Yeye alikuwa bado hajafika Kigali, mimi nilikwisha kuvunja moja, kwa kisu ya mezani, niko peke yangu. Niliona ndani iko njano. Na maneno ya joto pia niliyajua, unafikiri mimi nilisoma bure? Wa kwanza, eti!"

Mama Hadija alikuwa amesimama na sinia mikononi.

"Ulijua," nikasema. "Na pazia?"

"Pazia, pazia... Ningesema nini? Wageni walikuwa wanakuja wiki iyo. Mutu anavunja kristali, kesho ataimba kila mahali. Nilisema pazia kwa sababu pazia kila mutu anaielewa." Alishusha sauti, ikawa ya kubembeleza, ileile ya siku za Jumapili. "Hii iko kati yetu, sisi watu wa Biryogo. Nikisema leo, watauliza mbona sikusema jana. Muache azeeke na shule yake, si anakula? Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri, rwose." Akapapasa tochi, akamulika tena kichupa, akakinyoosha mbele hewani. "Tazama wewe mwenyewe. Iko buluu ao haiko buluu?"

"Nje iko buluu, Profesa," Goreti akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ndani bado iko njano."

Tochi ilianguka. Alijua sauti ile mara moja; niliona ngozi ya shavu lake ikitikisika. Akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikia mwewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na salamu ya kujijibu.

Goreti aliinuka. Hakulia. Alivaa viatu vyake mlangoni, na hapo Mama Hadija akaweka sinia sakafuni, akavuta ushungi wake uliokuwa juu ya msumari, akajifunga.

"Dada, nisubiri," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi nimesikia. Mukubwa wa iyo chuo tutamukuta wapi? Tutakwenda pamoja, nitasema."

Wakatoka. Nilisikia kandambili zao zikishuka kichochoroni, na watu wakimsalimu Mama Hadija kwa mshangao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutoka saa hizo.

Profesa alikuwa amenyoosha mkono. "Goreti," alisema. "Mwanangu. Njoo nikusalimie. Karibia." Mkono ulikaa hewani, laini, umelowa, vidole vikifunguka na kufumba, ukimtafuta mtu kwenye kiti ambacho hakina mtu. Nilitaka kuuacha. Lakini nimelelewa nyumba ambayo mkono wa mzee haubaki hewani, tena mzee aliyeosha masufuria ya msiba wetu, nikauchukua.

Aliukamata kwa mikono yote miwili, kidole gumba kikaanza kusugua. Machozi yakamtoka, ya kweli, nayajua. "Unaona? Unaona, Goreti, umenisamehe. Una roho nzuri. Basi yaishe hapa hapa. Mwambie Mama Hadija arudi ndani, ya chuo tena hayana haja." Akautikisa mara moja kwa nguvu. "Voilà. Tumeshikana mukono."

"Huu ni mkono wangu, Profesa," nikamwambia. "Wao wameshatoka."